Mpaka Kwenye Kiwiko

...na hainuki, waite mpaka sauti ziwakauke, ameshakaa juu ya debe hili la mahindi ya mbegu na hapo ndipo alipo, mlango wa ghala kaukomea kwa ndani kama mtoto aliyeiba sukari, mwanamke mzima na mvi zake... "Mama watoto! Mbegu uliziweka wapi? Wingu hilo limefika!" limefika, ndiyo, hata lile la kwanza lilifika, likanguruma weee, likamwaga siku mbili, wakakimbilia shambani wote, yeye mbele yao, mahindi yakatoa majani mawili mawili mazuri ya kukutoa machozi, kisha jua, jua tu, wiki tatu, yakafia pale pale yamesimama, na mara ya pili vivyo hivyo, sasa limebaki debe moja, basi, ghala zima debe moja, na mume wake anataka kulimwaga kwenye vumbi kwa sababu marehemu baba yake alikuwa akipanda siku ya mvua ya kwanza... lakini mvua ya mzee yule ilikuwa na adabu, ikija imekuja, hii ya siku hizi inapiga hodi na kuondoka kabla hujafungua mlango... "Mwanangu, fanya haraka basi," huyo mama mkwe, kwa upole, na upole huo ndio unaomuuma, maana bibi siku hizi anasema ameshiba wakati hajala, anawasukumia wajukuu sahani yake akidhani hakuna anayemwona, na debe hili likipotea atashiba hivyo mpaka lini? Asubuhi alichimba shimo shambani, akaingiza mkono, juu unyevunyevu wa manyunyu ya jana, unadanganya vizuri huo, lakini kwenye kiwiko pakavu, pa moto kama jivu la jikoni, ardhi haijanywa kitu... hakufundishwa na mtu hilo, amefundishwa na hasara mbili, na uongo wake ameshautunga, atasema panya, panya wamekula zote, nani atabishana na panya... ta, bati linalia, ta ta, mbona moyo unaruka hivi, nyamaza wewe moyo, watoto wanapiga kelele uani, "Inanyesha! Inanyesha!" hata miguu yake inataka kutoka, miguu mijinga... Lakini panya? Akisema panya, mume wake ataamini, anamwamini huyo, ndiyo taabu yake, atakwenda kwa jirani kuomba mbegu nyingine aje kuzizika kwenye jivu lile lile, na wingu lijalo yeye atunge nini, nyani? Hapana, atamshika mkono, mkono wake mpana ule anaoupenda, autie shimoni mpaka kwenye kiwiko, ajionee, akasirike, mama mkwe alie, majirani wacheke shamba lao tupu, wacheke sana, na kama amekosea basi amekosea yeye, si mbingu wala panya, kosa lake atalibeba, lakini debe hili halimwagwi mpaka kiwiko kiloe... mlango unasukumwa, komeo linakaza, matone yanazidi batini. "Umo humu? Mbona kimya, mke wangu? Au panya wamezimaliza?" Amempa uongo mkononi, tayari, bila hata kuombwa. Akakaa vizuri zaidi juu ya debe.

"Zipo," akasema kwa sauti, na bibi asikie. "Zipo zote. Nimezikalia."