Kamera Isiyolewa

Raufa alikuwa hazipendi kamera, na sababu alikuwa nayo. Kamera ndiyo iliyomchukua mdogo wake. Mgeni mmoja aliyekuwa akizamia ilimponyoka mkononi pale kwenye mlango wa bahari wa mashariki, na Visaam, mwongozaji wake, ambaye tangu utotoni hakujua kukaa kimya akiona kitu cha mtu kinapotea, akageuza kichwa chini akaifuata. Mgeni alipanda juu salama, akasafiri kwao. Visaam hakupanda. Wazamiaji wa kisiwa kizima walimtafuta, walinzi wa pwani wakaja na boti zao, mkondo ukawachezea wote, na mwisho wakakunja kamba wakarudi majumbani.

Hiyo ilikuwa mvua ya mwaka juzi. Leo Raufa huyo huyo amesimama dukani kwa Jaleel, mjini Malé, kiyoyozi kinampiga shingoni, anaulizia kamera.

"Ndogo," alisema. "Ya mfukoni. Na ganda lake la kuzuia maji."

Jaleel alikuwa mzamiaji wa zamani. Sikio lake la kulia lilikufia baharini, na tangu hapo huongea kama vile viziwi ni wengine wote. "Wewe! Raufa anayewafokea wageni waache kamera kwenye boti? Leo jua limechomoza wapi?"

"Niuzie tu, Kaka Jaleel."

"Unataka kupiga nini?"

"Papa."

"Kina gani?"

"Mita thelathini." Zaidi ya hapo sheria hairuhusu, na Raufa anaongoza wageni kwa leseni.

"Nina sikio moja, mdogo wangu, sina jicho moja. Kina gani?"

Raufa alitazama vidole vyake. "Arobaini kasoro kidogo."

Jaleel alifungua kabati, akaanza kupanga vitu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina mikono miwili kama usukani. "Hii picha zake ni nzuri mpaka samaki mwenyewe ataomba nakala. Lakini inataka mikono yote miwili. Kwenye mkondo ule mwamba utaushika na nini, na meno?" Akaisukuma kando. Ya pili ilikuwa ya rangi ya chungwa, haihitaji hata ganda. "Hii ni ya kuogelea na watoto. Mita kumi na tano, kwisha habari yake." Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, haina sura ya kumvutia mtu. "Hii sasa. Jicho lake ni pana na gizani inaona. Ungekuwa binti yangu ningekupa hii."

Maganda yake yalikuwa mawili. La plastiki lilikuwa jepesi na bei yake ya kibinadamu. La chuma lilikuwa zito, na bei yake Raufa aliisoma mara mbili akidhani macho yamemdanganya.

"La plastiki limeandikwa arobaini," alisema Jaleel. "Lakini ukikaribia huko, maji yanaanza kubonyeza vitufe yenyewe. Wananiletea watu hapa wanatetemeka, eti kamera ina jini, inajipiga picha. Jini gani? Ni uzito wa maji tu. Hili la chuma hata ukifika sitini kitufe hakibonyei mpaka ubonyeze wewe."

"Nipe la chuma."

Akalipa bila kubishana, jambo ambalo lilimtia Jaleel wasiwasi kuliko hicho kina chenyewe. Alikata kipande cha utepe mweusi akabandika juu ya flashi ya kamera, akakisugua kwa ukucha. "Flashi ya mbele ni adui. Inamulika kila chembe majini, utapata picha ya unga mtupu. Tumia tochi, ishike pembeni. Na kabla ya yote, zamisha ganda tupu na tishu ndani, uone kama linavuja."

"Najua."

"Mnajua wote, na wote mnaniletea kamera zimejaa chumvi." Kisha akapunguza sauti, kitu asichokifanya kwa mtu. "Ni Visaam?"

Raufa alimweleza kwamba chini ya mwamba wa ule mlango wa bahari kuna pango, na ndani ya pango ameona mwanga. Aliuona mwaka jana, akajikemea. Akauona tena mwezi uliopita.

"Ulikuwa umelewa kina. Kule chini hewa ya mtungi inamlewesha kila mtu. Mimi niliwahi kumsalimia kasa, nikamuuliza hali ya wazee wake."

"Ndiyo maana nataka kamera," alisema Raufa. "Kamera hailewi."

*

Nyumbani kisiwani mama yake alikuwa pale pale alipomwacha, kwenye kiti cha wavu kando ya mlango, uso ameuelekeza gatini. Siku hizi hakuwa akienda popote. Harusi za majirani hakwenda, kwa dada yake hakwenda. Chapati na jodari wa nazi alivyoandaliwa asubuhi vilikuwa vimekauka sahanini. Alichokuwa akila ni tambuu tu.

Imamu wa kisiwa alikuwa ameshakuja na maneno yake ya upole, kwamba mtu aliyepotea huswaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na waliobaki wakapumzika. Mama alimsikiliza vizuri, akamwandalia chai, kisha akasema, "Mimi simswalii mtu aliyekwenda kazini. Kazi ikiisha atarudi." Alikuwa anakwisha, kila mwezi nguo zinampwaya zaidi, na Raufa alikuwa anamwona anavyokwisha. Hakutaka makubwa. Alitaka picha ya pezi moja, mtungi, mkanda wa uzito wa kuzamia, chochote cha kumwekea mama yake mbele na kumwambia: yuko hapa, Mama, basi.

Ganda tupu alilizamisha kesho yake. Tishu ilitoka kavu.

Siku iliyofuata aliondoka asubuhi na Azhar, mwenzake wa kazi, mtu wa mizaha ambaye hata kwenye maziko huwa anatafutiwa pa kukaa mbali. Walikubaliana Azhar abaki kwenye mita thelathini, ashike mwamba, amsubiri.

"Ukichelewa nashuka kukutukana," alisema Azhar.

"Ukishuka na wewe nani atatupandisha?"

"Basi nitakutukana kutoka huko huko juu."

Waliruka. Bahari ilikuwa safi, ikawa ya buluu, ikawa ya buluu nzito, kisha rangi zikaisha. Raufa alimwacha Azhar ameng'ang'ania mwamba, akashuka peke yake. Ulevi ulimjia taratibu, mtamu, kama joto la chai tumboni. Alijua ni ulevi na hakujali. Alifika mdomo wa pango, akashika jiwe kwa mkono mmoja na kamera kwa mkono wa pili, tochi imefungwa pembeni.

Mwanga ulikuwepo.

Ulikuwa mdogo, mweupe, ndani kabisa, haupepesi. Raufa alipiga picha. Akapiga nyingine. Alihisi furaha ya ajabu, furaha ya mtoto aliyemkuta mwenzake kwenye mchezo wa kujificha. Alitaka kuingia. Jiwe alilolishika lilikuwa linamkera, akaanza kuliachia kidole kimoja kimoja. Tena alifikiri, kwa utulivu kabisa, kwamba kinywa chake kingekuwa huru zaidi bila ule mpira wa kupumulia, angeweza hata kumwita kwa jina.

Ndipo flashi ilipommulika machoni.

Alipofuka. Ikammulika tena, karibu zaidi, mpaka akainamisha uso kifuani kuyakinga macho, na pale kifuani ndipo alipokiona kipimo chake cha hewa. Sindano ilikuwa imeingia kwenye nyekundu, imelala. Alivuta pumzi, ikaja nzito, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Ulevi ulimtoka wote kwa mara moja na hofu ikachukua nafasi yake. Alipiga mapezi kwenda juu akimtafuta Azhar, na alipomfikia hakuwa na pumzi ya kuhesabika. Azhar alimpachika mdomoni mpira wake wa akiba, akamkumbatia, wakapanda polepole, wakisimama panapostahili, macho yake yamemtoka nyuma ya kioo.

Kwenye boti Azhar alimaliza matusi yote aliyoyajua, akaanza kuyarudia. Kisha akakaa. "Na flashi zako hizo! Unapiga picha kama upo harusini, hewa huangalii?"

"Mimi sikuwasha flashi."

"Nimeziona, Raufa. Mwamba mzima umewaka."

Raufa alifuta mikono, akalifungua ganda. Ndani kulikuwa kukavu. Utepe mweusi wa Jaleel ulikuwa pale pale juu ya flashi, haujabanduka hata pembe. Alimwonyesha Azhar, naye akaugusa utepe kwa kidole, akawasha injini.

Picha alizopiga Raufa zilikuwa mwamba, giza, na mchanga. Mwanga haukuwemo. Lakini baada ya hizo kulikuwa na moja zaidi. Aliitazama, akaizima kamera, akaishika mapajani njia nzima.

*

Alitaka kumficha mama. Mama akamwona uso tu, akanyoosha mkono, akapewa.

Aliisogeza kamera karibu na macho. Taya zake zikaacha kutafuna.

"Huyu ni wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Umepigwa kutoka ndani. Huku nyuma yako kuna mwangaza wa nje." Alisogeza kidole juu ya kioo kidogo. "Na hiki ulichoshika?"

"Ni kamera."

"Kamera ipi?"

"Hiyo hiyo uliyoishika, Mama."

Mama yake hakushtuka. Picha yenyewe ilikuwa imekaa upande, na uso wa Raufa ulikuwa umekatwa juu ya mdomo, kwa sababu aliyeipiga hakuwa na haja na uso. Katikati kabisa, safi mpaka namba zinasomeka, kilikuwepo kile kipimo kilichoning'inia kifuani.

"Hiki chenye sindano kinasema nini?"

"Kinasema hewa imekwisha."

Huko gatini mtu alikuwa anapakua barafu. Machozi yalimtoka mama bila sauti, ya kwanza tangu mvua ya mwaka juzi, na hakuyafuta.

"Amekurudisha," alisema. "Kakurudisha mlangoni kwangu. Mwanangu ninamjua mimi. Angekuwa na uwezo wa kupanda, angepanda nawe." Akavuta mtandio wake akaukaza kichwani. "Kamwite imamu."

Raufa aliusubiri mno usemi huo, na sasa ulipokuja ulimchoma. "Mama, labda tungoje kidogo. Labda nirudi tena nikaangalie…"

"Urudi wapi? Kakufukuza kule, hukuona? Nenda kwa imamu, na usivae yale mapezi tena kwenda pale mimi nikiwa hai."

Raufa aliinuka, akanyoosha mkono aichukue kamera.

"Iache," alisema mama yake, ameibana kifuani.

"Humo hayumo, Mama. Nimo mimi peke yangu."

"Najua. Nataka nitazame alichokuwa anakitazama."