Makosa ya Makusudi

Tangu azikwe Ramzi, mwaka na miezi sasa, mkewe Firdaus hajapitisha siku bila kukosea mbele ya kompyuta. Anakosea makusudi. Watu wa Mumbuni wanaokuja kuchapisha barua zao wanadhani mama wa watu hajui kazi. Shauri yao!

Ukweli ni huu. Ramzi aliijenga saiba ile, duka lao la kompyuta, juu ya mfumo wa Linux, na kwa kuwa mkewe alitishwa na zile amri za kuandika kwenye skrini nyeusi, alimwekea msaada wa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe. Ukiandika amri mbovu, kompyuta inajibu: "Polepole, Firdaus. Nani anakukimbiza?" Basi mume yuko kaburini na maneno yake yako dukani. Kila alasiri mjane hukosea, husoma, mwili humsisimka, hukosea tena.

Lakini printa iligoma. Siku ya nne wateja wakahamia kwa jirani, na hapo ndipo akamwita fundi Kisilu.

"Mama Asmaa, sikudanganyi," Kisilu alimwambia Firdaus. "Hii Linux ni ngumu lakini ni imara, na virusi haviisumbui. Windows iko na maringo, kila saa inataka kujisasisha. Lakini ikikwama, nusu ya Machakos inajua kuitengeneza. Hii yako ikikwama na printa kama sasa, mimi mwenyewe siiwezi; unaita nani?"

"Ramzi," jina likamponyoka.

Kisilu aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Nikiweka Windows, hii yote itafutika. Maneno yake naweza kukutolea kwenye flash, lakini hayatakujibu tena. Utakuwa unasoma tu."

Kumzika mtu mara mbili, jamani! Firdaus akaomba dakika kumi, na Kisilu akatoka kwenda kunywa chai.

Firdaus akakosea. "Polepole, Firdaus." Akakosea tena. "Uko karibu, rudia." Mara kumi, mara ishirini, machozi yakidondokea kibodi, kama mtu anayebisha nyumba iliyohamwa. Kisha yakaja maneno ambayo hajawahi kuyaona:

"Firdaus, mtu hakosei mara elfu mbili kwa bahati mbaya. Niliiambia kompyuta ihesabu, maana nakujua. Nimechoka, mke wangu. Usiniamshe tena."

Nywele zilimsimama. Akageuka haraka, na nyuma yake palikuwa viti tu. Kumbe zile siku za mwisho hospitalini, laptopu kifuani, Ramzi hakuwa akimalizia kazi za watu. Alikuwa akimwandikia yeye siku ya leo. Firdaus aliogopa, akaona haya, akampenda upya, yote kwa mpigo mmoja.

Kisilu alirudi akipapasa mifuko. "Nianze na flash, mama?"

"Flash ya nini?" Firdaus alijifuta uso kwa mtandio, akampisha kiti. "Futa. Mwenyewe ameomba kulala."