Kadi Iliyochelewa Kusomwa

Ofisini walimwita Bibi Lenzi. Mashine ya kulinganisha alama za vidole ilikuwa imekufa miaka minne nyuma, na tangu hapo kazi yote ilibaki kwa macho yake na kioo cha kukuzia. Kila mwaka aliomba mashine nyingine, na kila mwaka aliambiwa fungu halitoshi, avute subira. Huku nyuma kadi zenye alama za vidole za maiti wasiojulikana ziliendelea kuletwa kutoka hospitali, furushi juu ya furushi, mpaka kabati likagoma kufungwa.

Kila Jumatatu alikuja mama mmoja mshonaji. Mwanawe, fundi wa kuchomelea, alikwenda kazini asirudi.

"Kuna lolote, dada?"

"Bado, mama. Natafuta."

Ukapita mwaka na miezi miwili. Asubuhi moja Bibi Lenzi alifungua furushi lililokuwa chini kabisa, na kadi ya tatu ikamkata maini. Kovu lilikuwa limepita katikati ya dole gumba, kama lile la kwenye nakala ya kitambulisho cha yule kijana, ambayo mama yake aliiacha ofisini. Akalinganisha mara nne, akitamani macho yamdanganye. Hayakumdanganya.

Nyuma ya kadi paliandikwa kwamba maiti atahifadhiwa siku thelathini, kisha azikwe na manispaa asipotambuliwa. Tarehe ya mhuri wa mapokezi ilionyesha kuwa kadi ilifika ofisini siku mbili tu baada ya kifo.

Mkuu wake aliisoma akaguna. "Mwambie amepatikana, inatosha. Habari za kabati za nini?"

Jumatatu ilipofika, Bibi Lenzi alimsogezea mama kiti, akamwambia yote, na habari za kabati pia.

Mama alilitazama kabati. "Kwa hiyo nilipokuwa nakuja hapa, mwanangu yumo humo?"

"Kadi yake, mama. Nyuma ya mgongo wangu."

"Na zile siku thelathini?"

"Zingetosha," alisema Bibi Lenzi.

Alidhani atatukanwa, na angeshukuru kutukanwa. Mama alikunja leso yake, akaikunjua, akauliza, "Nani alimwosha?"

"Sijui, mama."

Wakaenda makaburini pamoja. Mlinzi alipekua daftari lake, akawapeleka hadi kwenye safu moja ya matuta yaliyoota majani.

"Ni mmoja wa hawa tisa," alisema kwa aibu. "Mwaka ule vibao vya namba viliisha. Tuliomba vingine, hatukuletewa."

Mama alivua viatu, akapiga magoti kwenye tuta la kwanza, akang'oa majani kwa mikono. "Pole, mwanangu," akasema. Akasogea kwenye la pili, akafanya vile vile.

Mama alipofika kwenye la tano, Bibi Lenzi alivua viatu vyake, akaanzia mwisho wa pili wa safu.