Miji Aliyochagua Otilia

Mérida. Querétaro. Guanajuato. Oaxaca pia, kama siku zitatosha. Otilia aliitaja miji hiyo kwa simu kutoka Chicago, mmoja baada ya mwingine, na mdogo wake Casilda, aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la madaftari huko Santa Rita, mji wao wa kuzaliwa, alisubiri autaje wa tano. Hakuutaja.

"Sasa wewe uliye huko ndiye unayejua," Otilia akamalizia. "Niambie, upi salama?"

"Yote salama. Nenda tu ukapige picha za makanisa."

"Usininunie, Casi."

"Nani kanuna? Mimi nauza rula hapa."

Alikuwa amenuna, tena amevimba kabisa. Dada yake alivuka mpaka bila karatasi akiwa msichana, na kwa miaka ishirini na sita hakuthubutu kurudi, maana angetoka kule asingeruhusiwa kuingia tena, na kule ndiko alikozaa na kulea. Baba yao alizikwa huku Otilia akilia kwenye simu. Sasa karatasi zimetoka, mtu yuko huru kuja kwao, na huyo anachagua miji ya watalii! Mama yao, Doña Eulalia, ana miaka themanini na miwili. Tangu aliposikia habari ya karatasi ameshapaka chokaa chumba cha nyuma na kununua bata mzinga wa kunenepesha.

"Si mimi, ni Rogelio," Otilia alisema. Rogelio ni mumewe, mtu mwema lakini mwoga hata wa lifti. "Ana ramani ya serikali ya huku, imepakwa rangi. Yucatán, jimbo la Mérida, ina rangi nzuri. Kwetu kote ni kwekundu, Casi. Wameandika msiende kabisa."

"Mwambie shemeji sisi tunaishi humo humo kwenye wekundu, na asubuhi tunapiga mswaki kama watu wengine."

"Basi mlete mama Querétaro. Nalipia kila kitu, tukutane huko."

"Unajua mama hatoki."

Otilia alijua. Miaka tisa nyuma Doña Eulalia alimtuma kitinda mimba wake, Fermín, mji wa jirani kununua mkanda wa mashine ya kusaga mahindi. Kijana hakurudi, gari halikurudi, na huo mkanda haukuonekana. Tangu siku hiyo mama hajalala usiku hata mmoja nje ya nyumba yake. Fermín akirudi, anasema, atakuja kwenye mlango huu kwa sababu ndio anaoujua. Santa Rita ina nyumba kadhaa zenye mama wa namna hiyo, na hakuna mtu mwenye akili zake anayewaambia wasahau.

Casilda alishusha sauti ingawa dukani hamkuwa na mteja. "Njoo wewe, dada. Siku mbili tu. Nisikilize vizuri. Usikodi gari lenye vioo vyeusi. Mkikaribia mji shusheni vioo vyote, wawaone nyuso. Mpite barabara ya kulipia, ile ya bure muiache. Saa nane mchana muwe mmeshaingia. Msivae vitu vipya. Shemeji asifungue mdomo kwa Kiingereza kituo cha mafuta. Mtu akiwauliza, mmetoka mji wa Aguascalientes kuja kumwona mgonjwa. Na siku ya kuja usimtajie mtu, hata rafiki zako wa utotoni."



"Na hapo ndio umeniambia kuko salama?" Otilia akauliza.

Casilda alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Hajawahi kuzitaja sheria hizo zote kwa mkupuo. Zilikuja moja moja, kila mwaka na yake, na kila moja ilipokuja aliona si kitu, ataizoea. Sasa alipozisikia kwa mdomo wake mwenyewe zikifuatana, aliogopa. Aliogopa kweli, mchana kweupe, ndani ya duka lake.

Lakini alitaka dada yake aje, na mtu akitaka kitu sana hupata maneno makali. "Nenda Mérida basi. Utarudi na kofia mpya ya ukindu. Halafu siku moja nitakupigia simu nyingine, na siku hiyo utakuja bila kuangalia ramani, utakuja kuzika."

Ulikuwa ukatili na alijua. Otilia alilia hadi simu ikakatika. Wiki hiyohiyo akapiga tena: Rogelio amekubali. Watatua Aguascalientes, watakodi gari la kawaida, watafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Casilda alimkalisha mama yake jikoni, akamshika mikono yote miwili. "Mama, siku hii tunaijua mimi na wewe tu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?" Doña Eulalia akajibu kwa kuudhika. "Marafiki zangu wote wako makaburini."

Basi. Zilibaki siku sita, na ilikuwa Jumapili. Kanisa la Santa Rita lilijaa, wanawake mbele, wanaume wamesimama nyuma karibu na mlango kama kawaida yao ya kutaka kuwahi kutoka. Doña Eulalia alijifunga shali yake nyeusi ya sikukuu, na Casilda alishangaa kumwona mama yake amekaa wima, macho yanang'aa. Hakutilia maanani. Msomaji akapanda mimbarini kusoma nia za misa, maana pale kila aliyeomba misa husomewa jina lake na haja yake mbele ya watu wote. Kwa marehemu fulani. Kwa afya ya fulani, aliyefanyiwa upasuaji. Kwa wale wasiojulikana waliko, na hapo orodha ilikuwa ndefu, na Fermín alikuwamo.

"Na misa ya shukrani," msomaji aliendelea, sauti ikachangamka, "iliyoombwa na Doña Eulalia Arreguín, kwa kuwa Jumamosi ijayo binti yake Otilia anarejea nyumbani kutoka Chicago baada ya miaka ishirini na sita."

Minong'ono ya furaha ikavuma kanisa zima. Wanawake waligeuka kutabasamu. Casilda alimwinamia mama yake sikioni: "Mama! Nilikuambia usimwambie mtu!"

"Sikumwambia mtu," Doña Eulalia akanong'ona, bila hili wala lile. "Nilimwambia Mungu."

Casilda hakusikia tena neno la misa hiyo. Alihisi migongo yote ya kanisa ina masikio. Nje, watu walimzunguka mama kumpa hongera, na mama akapokea mabusu kama bibi harusi. Nabor naye akaja. Alikuwa ameegesha pikipiki yake kando ya uwanja, pale anaposhinda kila siku akiangalia nani anaingia na nani anatoka mjini. Kila mtu anajua anafanya kazi kwa nani. Santa Rita wateka watu hawatajwi jina, huitwa wale, basi.

Nabor alivua kofia. Ana adabu sana Nabor, hilo lazima lisemwe, na ndilo linalotisha zaidi.

"Hongera, bibi. Chicago yote hiyo! Anakuja na gari?"

"Na gari, mjukuu wangu, kutoka uwanja wa ndege wa Aguascalientes," mama akasema, kwa kuwa nyanya yake Nabor aliwahi kuwa jirani yake na kwake huyu bado ni mtoto aliyekuwa akiiba mapichi. "Na mume wake."

"Mungu mkubwa." Nabor akamtazama Casilda. "Asiwe na wasiwasi njiani, mama. Tutampokea vizuri."

"Asante," Casilda akasema, akatabasamu.

Alipiga simu mchana uleule, amejifungia dukani. Hakulizungusha. "Usije. Imesomwa kanisani. Wameshajua hata barabara."

Otilia hakuuliza nani. Miaka ishirini na sita si mingi kiasi hicho. "Na mama?"

"Nitamwambia mmebadili nia."

"Mwambie ukweli, Casi."

"Ukweli upi? Kwamba misa yake ya shukrani ndiyo iliyokufungia njia? Mtu huyu alimtuma mwanawe mkanda wa mashine, dada. Kila siku ya Mungu anautaja huo mkanda. Mzigo mmoja wa namna hiyo unamtosha."

"Basi nipakaze matope mimi," Otilia akasema. "Sema tumetaka starehe. Niko mbali, yatakuwa yamekauka yakinifikia. Tutabadili tiketi tutue Querétaro, baadaye tutajua."

Casilda alimwambia mama yake jikoni. Doña Eulalia alikuwa akizitoa mbegu pilipili za mole, mchuzi wa sikukuu, vidole vimegeuka vyekundu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ametaka miji mizuri," akasema.

"Rogelio ndiye aliyemshawishi, mama."

"Otilia hashawishiki. Namjua, nilimzaa mimi." Akafuta vidole. "Bata wape majirani."

Hakulia, na Casilda alitamani angelia. Kwa siku mbili mama hakusema zaidi ya ndiyo na hapana. Casilda alimsikia chumba cha nyuma akitandua shuka mpya alizozitandika mwenyewe, akizikunja polepole. Alitaka kuingia aseme, si yeye, mama, dada yangu alikuwa anakuja, alishakata tiketi! Alifika mlangoni mara mbili, akageuka. Uongo ule ulimwasha kooni kuliko pilipili zote za jikoni.

Jumatano, wanakula maharage na mikate ya tortila, mama akaweka kijiko chini.

"Hiyo Querétaro ni mbali?"

"Saa tano hivi kwa basi, mama. Kwa nini?"

"Nitakwenda."

Casilda alidhani hakusikia vizuri.

"Umeziba masikio? Nitakwenda," Doña Eulalia akarudia. "Mtoto mmoja nimemngoja mlangoni miaka tisa, hakuja. Huyu wa pili najua aliko. Kama ana roho ngumu nitamfuata na roho yake ngumu hukohuko. Nikimkuta nitamzaba kofi kwanza, halafu tutaona."

Casilda alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia na kumbusu kichwani hadi mama akamwambia aache ujinga, chakula kinapoa. Atamwona Otilia! Dada aliondoka Casilda akiwa na miaka kumi na tisa, akamsuka nywele mara ya mwisho kabla ya alfajiri ile. Kichwani alishaanza kupanga: basi la Ijumaa asubuhi, wabadilishe Aguascalientes, wafike jua lingali juu, watu waambiwe mama anapelekwa kwa daktari wa macho.

"Tutachukua basi la saa moja," akasema, "na duka nitalifunga hadi..."

"Tutachukua nani? Mimi nitakwenda na Tomasa." Tomasa ni jirani, ana mjukuu huko Querétaro. "Nimeshaongea naye. Wewe utakaa hapa."

"Mama?"

"Fermín akija?"



"Tomasa angeweza kukaa yeye, mimi na wewe tukaenda," Casilda akajaribu, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo.

"Tomasa hatamjua." Mama aliongea kwa upole sasa, na upole huo ukawa mbaya kuliko hasira. "Miaka tisa, mwanangu. Akirudi hatarudi na sura ile. Atakuja amekonda, mchafu, labda hata jina lake hajui kulisema. Mgeni atamfukuza. Atakayemjua ni mimi au wewe. Nikijua wewe uko hapa, nitaweza kupanda hilo basi. Bila hivyo miguu haitanyanyuka."

Kulikuwa na maneno mengi ya kujibu na Casilda aliyajua yote. Angeweza kusema, hata mimi ni mwanao. Angeweza kusema ukweli, na ukweli huo ungemkalisha mama kwenye kiti kile asinyanyuke tena, si kwa Querétaro wala kwa mji wowote.

"Sawa, mama," akasema. "Nitakaa."

Ijumaa alimpandisha basi akiwa na bakuli la mole lililofungwa kwa vitambaa vitatu, akabaki amesimama kituoni hata basi lilipokwisha kukunja kona.

Jumamosi mchana Nabor aliingia dukani, viatu vimejaa vumbi la barabarani. Alitazama madaftari, akachagua kalamu moja.

"Mgeni hajapita," akasema.

"Hakuja." Casilda alijikaza, mikono juu ya kaunta. "Amekwenda zake miji ya watalii. Huku kwetu anatuona washamba."

Nabor alitikisa kichwa, na inaelekea alimsikitikia kweli. "Watu wa kaskazini ndivyo walivyo, mama. Wakipata, wanasahau kwao."

"Wanasahau kabisa," Casilda akaitikia.

Nabor alilipia kalamu yake, hakusubiri chenji. Casilda alingoja pikipiki iondoke, halafu akakaa sakafuni nyuma ya kaunta.

Jua likiwa linaelekea kutua simu iliita, na kwenye kioo wakatokea wawili, mashavu yamegusana. Otilia alikuwa na mvi. Hakuna aliyewahi kumwambia Casilda kwamba dada yake ana mvi, kwenye picha zote alizotuma nywele zilikuwa zimepakwa rangi. Macho yao yalikuwa yamevimba kwa kulia, na Otilia alikuwa bado anamwomba mama msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na mama bado anamsamehe, anampapasa uso, anamwambia yamekwisha.

"Casi," Otilia akaanza, "Casi, mdogo wangu, mimi..." Hakuweza kumaliza.

Mama alimpokonya simu, akaileta karibu hadi kioo kizima kikawa jicho moja na kipande cha paji la uso.

"Casilda. Kuna mtu amekuja?"

"Hapana, mama," Casilda akasema. "Hakuja mtu."

"Haya," mama akasema. "Sisi tutarudi Jumanne. Wewe usitoke."