Kifaa Nambari 0417

Jumanne saa tatu asubuhi, wanafunzi kumi na wanane wa mwaka wa nne wa nanoteknolojia walikuwa maabarani wakichora hadubini ya elektroni. Waliichora kutoka kwenye picha iliyobandikwa mlangoni, kwa kuwa hadubini yenyewe ilisemekana kuwa nyuma ya mlango huo, na mlango haukuwa umefunguliwa tangu siku ya kukata utepe. Kuchora kulihesabiwa kuwa somo la vitendo. Aliyetia vivuli vizuri alipata A.

Kache Charo alikuwa akichonga penseli alipoona namna atomu za unga wake zilivyojipanga karatasini: tabaka juu ya tabaka, kila tundu pembe sita, kama sega la nyuki. Akafumba macho, akafumbua. Pembe zilikuwa bado sita. Kitabu nacho kilisema sita, kwa hiyo akaendelea kuchora.

Jioni, nyumbani kwao Mjambere, mamake, Pascalia, alirudi kutoka Mwakirunge, ambako alikuwa akiponda kokoto machimboni tangu Kache akibebwa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wanikodolea kifua kama daktari?"

Leso haikumzuia Kache kuona, wala ngozi. Kwa kipimo kile ngozi ni matundu matupu. Chembe za silika zilikuwa zimekaa pafuni, zenye ncha, za miaka ishirini na miwili. Kila Pascalia alipovuta pumzi ziliingia arobaini. Kila alipokohoa zilitoka tatu.

"Una vumbi, mama."

"Hilo hata jirani kaliona. Niwekee maji nikaoge."

"Ni la ndani."

"La ndani halina maji ya kuliosha. Lete kiti."

Kache akalifanya vumbi hilo kuwa mradi wake wa kuhitimu. Kwa wiki tatu alipima vumbi la machimboni, chembe kwa chembe, akaandika kwamba wapondaji wapewe barakoa za kweli na mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa. Wenzake walinakili vipimo vya wanafunzi wa mwaka uliopita, ambao nao walinakili vya mwaka uliotangulia. Ndiyo sababu vumbi la Mombasa halikuwa limebadilika ukubwa kwa miaka sita.

Daktari Phineas, msimamizi wake, aliisoma ripoti akiwa na kalamu nyekundu ambayo hakuitumia.

"Vipimo safi. Umepima na nini?"

"Na macho, Daktari."

Daktari Phineas akamwekea punje ya chumvi mezani. Kache akamtajia umbali kati ya atomu na atomu. Daktari akalinganisha na jedwali ukutani.

"Sawa. Shida si macho, shida ni fomu. Sehemu ya nne yataka nambari ya kifaa. Wenzako wameandika ya hadubini."

"Hakuna hadubini, Daktari. Naona hata mlango ukifungwa. Kuna kasha, na kasha limejaa kokoto. Za Mwakirunge, nazijua."

"Hukuulizwa habari ya kasha. Bila nambari, mradi unaanguka."

"Basi mimi nipewe nambari," alisema Kache, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Fidel, fundi wa maabara, alikuja na kibandiko cha nambari 0417. "Geuka, dada. Vifaa vinavyohamishika hubandikwa mgongoni." Kilikuwa cha hadubini, amekibandua mlangoni, maana daftari la vifaa halikuwa na nafasi ya hadubini mbili.

"Manze, wewe sasa ni mali ya chuo," alisema Dancun, aliyeketi dawati la nyuma. "Ukipotea, soja wa langoni anafutwa kazi."

Mwezi uliofuata walikuja wakaguzi wa ithibati. Mlango ukafunguliwa. Kache alikuwa ameketi kwenye stuli, na kasha limefunikwa kitambaa cha meza. Bi Mwanatabu, kiongozi wa wakaguzi, aling'oa unywele wake mmoja akauinua. Kache akausoma upana.

"Yafanya kazi," Bi Mwanatabu akaandika. "Yatumia umeme kiasi gani?"

"Chai mbili kwa siku," alijibu Fidel.

Kozi ikapata ithibati ya miaka mitano.

Mradi wa Kache ulipata A. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya wahitimu. Daktari Phineas alimweleza kwa upole kwamba mali ya chuo haihitimu, na kwamba kibandiko kikibanduliwa vipimo vyote vitakuwa batili.

"Na mapendekezo yangu kuhusu machimbo?"

"Yako maktaba. Ili yapelekwe, yatakiwa sahihi ya mtafiti. Kifaa hakitii sahihi."

Siku ya mahafali Pascalia alivaa gauni lake la kanisani. Alimpita Dancun akipigwa picha na joho lake, akauliza njia, akafika chumba cha hadubini. Kache alikuwa kwenye stuli.

"Hata joho hawakukupa?"

"Wamenipa hiki." Ulikuwa mfuniko wa plastiki uliokuja na kasha, wa kukinga kifaa na vumbi.

Pascalia akaupapasa upindo kwa vidole viwili, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Wazuia kweli?"

"Wazuia, mama. Haipiti hata chembe moja."

"Kizuri hicho. Wakiwa na kingine uniombee, Jumatatu naingia kazini."

Akakohoa. Zilitoka tatu.