Njiwa Juu ya Kofia

Siku mume wangu alipofariki, njiwa walifika kabla ya waombolezaji. Walitua katikati ya shamba la njegere wakala bila haraka, na mmoja akapanda juu ya maficho ambamo mume wangu alikuwa akiwavizia, akajikuna. Wifi yangu aliwarushia kandambili. Hawakushtuka. Walijua mwenye bunduki hayupo.

Maficho yenyewe yalikuwa wavu mkuukuu uliofunikwa kwa mabua. Mbele yake mume wangu alipanga njiwa wa mbao wa kuwavutia wale wa kweli, aliowachonga mwenyewe, vichwa vyote vikielekea upepo unakotoka, maana ndivyo njiwa wa kweli wanavyotua. Wawili walifanana zaidi na bata. Nilimwambia. Akaninunia mpaka chakula cha jioni.

"Njiwa haogopi bunduki," alinifundisha. "Anaogopa uso unaong'aa na kitu kinachotikisika. Sasa wewe, mama, unavyo vyote viwili."

Mwaka mmoja njegere ndizo zilikuwa chakula chetu na mbegu yetu, na njiwa walikwisha kumaliza nusu ya shamba. Basi tukajipaka masizi, tukajibanza mle ndani mpaka miguu ikafa ganzi. Kundi likazunguka, likashuka. Njiwa mmoja mnene akawadharau wenzake wa mbao, akatua juu ya kofia ya mume wangu.

Hakuthubutu kupepesa macho. Kidole kwenye bunduki, njiwa kichwani, masizi yanamchuruzika puani.

"Usicheke," alinong'ona bila kufungua midomo. "Nakuomba, mke wangu. Mbegu yetu hiyo."

Nilijibana mbavu. Niling'ata kitambaa changu cha kichwa. Ndipo njiwa akamnyea begani.

Kicheko kilichonitoka kiliwarusha ndege wote na kuwatoa majirani nje. Mume wangu akafyatua kwa pupa, akampasua mmoja wa wale bata wake wa mbao. Nikangoja anigombeze. Yeye akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamchora mistari usoni.

"Mimi na wewe tutakufa njaa," alisema, "ila hatutakufa tumenuna."

Hatukufa. Alinipa sufuria na mwiko, akanipeleka upande wa pili wa shamba nipige kelele nitakavyo, na mbegu ikapona.

Siku hizi nakaa mafichoni peke yangu, sufuria mapajani. Nimetulia sana; njiwa wanatua karibu na magoti yangu. Nawaacha wale kidogo, kisha napiga sufuria.