Kwaresima ya Nyumba Moja

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Yusta alideki chumba cha nyuma, akaweka meza ndogo ukutani, akatandika kitambaa cheupe alichonunua dukani kwa Gharib. Juu yake akapanga msalaba, Biblia, kitabu cha nyimbo na mshumaa. Yusta ni nesi, kwao Karagwe, na kwao Mlutheri asiye na pembe ya sala nyumbani huonekana kama amehamia jana. Hapa Bariadi alikuwa ameingoja pembe hiyo miaka mitatu.

Chumba kilipatikana kwa sababu Sayi aliondolewa. Nyumba waliijenga Sayi na mumewe, Athanasi. Athanasi alipofariki, mdogo wake Malimi alihamia na mkewe Yusta, akambakishia mjane chumba hicho kimoja, na baadaye hicho nacho akakitaka. Kiwanja ni cha ukoo, alisema. Sayi akafunga godoro kwenye bodaboda, akaenda kupanga chumba huko Kasoli. Yusta aliona yote, asimtetee.

Asubuhi ya Pasaka kitambaa kilikuwa zambarau. Yusta alikifua kwa sabuni ya mche. Maji yakatoka meupe, kitambaa kikabaki vilevile. Mchungaji alipita baada ya ibada, akakitazama, akafungua kalenda ya kanisa penye rangi za majira, akaifunga.

"Kanisani ni Pasaka," alisema. "Humu bado ni Kwaresima." Akaomba chai.

Wiki zikapita, Pentekoste nayo ikapita. Kila Yusta alipopiga magoti, alimwona Sayi na godoro lake.

"Baba Joyness," Yusta alimwambia Malimi, "mrudishe shemeji yako. Mimi hapa sisali, najidanganya tu."

"Loo! Kitambaa ndicho kinifundishe mambo ya ukoo wetu?" Malimi akajibu, akaendelea kula ugali.

Jumapili moja Yusta alikwenda Kasoli mwenyewe, akamwomba Sayi aje wasali pamoja. Sayi alikuja. Alipopiga magoti, kitambaa kikawa cheupe, kuanzia kwenye pindo hadi katikati. Malimi alikiona. Waliimba beti zote, na sauti ya Malimi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Sayi alipovuka geti na mkoba wake, zambarau ikarudi.

Malimi alikitazama kitambaa hadi chakula kikapoa. Yusta akashika meza kwa mikono miwili, maana aliona kabisa kwamba sasa mumewe anakubali.

"Nimefikiri," Malimi alisema. "Awe anakuja kila Jumapili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kila Jumapili Sayi hutoka Kasoli, hubisha hodi kwenye nyumba aliyoifyatulia matofali kwa mikono yake, na Malimi humfungulia kwa furaha na kumwonyesha pa kukaa.